Fuata jani: namna ya kulitembea na kulisoma shamba la mkonge la zamani Tanga

Wageni wengi wakipelekwa kwenye shamba la mkonge la zamani huanzia nyumba ya meneja. Iko juu, ina upepo, ina baraza pana, na picha zinatoka vizuri. Ila anayeanzia pale hushuka na hadithi ya meneja tu. Afadhali uanze na jani. Jani lilikatwa kondeni, likapanda toroli, likapita kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani, likawa singa, yaani nyuzi, zikaanikwa, zikapigwa brashi, zikafungwa robota (mizigo iliyoshindiliwa) na kwenda bandarini. Kila kituo kimeacha alama yake ardhini, hata pale mashine zilipokwisha kuuzwa chuma chakavu. Kwa mwendo wa pole wa saa nne au tano utakuwa umepita kwenye zaidi ya miaka mia moja, na nyumba ya juu utaifikia mwisho ukiwa unajua cha kuitazamia.

Maelezo haya yanafaa ukanda mzima: Kigombe na Pangani upande wa pwani, Amboni jirani na mji, kisha Ngomeni, Muheza, Hale na Korogwe hadi Mombo kwa kufuata reli.

Kuchagua shamba na kupata ruhusa

Chagua shamba moja kwa siku moja. Anayetaka chimbuko aende Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge, yaani miche midogo ya kupanda, kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62, na hivyo ndivyo vilivyopandwa Kikogwe. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50, halafu unavuka kwa kivuko hadi Bweni. Huko utasimuliwa kuhusu mamba mkavu aliyejazwa vikonyo tumboni ili wapite naye forodhani. Iandike, maana ni tamu, lakini iandike kwenye ukurasa wa hadithi.

Jina lenyewe lina umri mkubwa kuliko zao. Mkonge lilikuwa jina la mmea wa porini ambao watu wa pwani waliutoa nyuzi za kusokotea kamba kabla meli ya Hindorf haijatia nanga. Mmea mgeni ulipokuja ulirithi jina la mwenyeji. Kwa hiyo ukikuta neno hilo kwenye maandishi ya kabla ya 1893, usidhani mwandishi amekosea mwaka.

Asiyetaka kuvuka mto aende upande wa Muheza au Korogwe, ambako shamba, reli na kambi vimekaa karibu karibu na mguu hauchoki. Muheza haifiki kilomita 40 kutoka Tanga. Korogwe ni kama 100.

Kumbuka kwamba shamba la zamani si gofu. Mengi bado yanazalisha, mengine yamegawiwa wakulima wadogo, na machache yamekuwa kijiji kabisa. Linalozalisha linaombewa ruhusa ofisi ya shamba, na lililogawiwa unaanzia ofisi ya serikali ya kijiji. Peleka barua ya nusu ukurasa yenye majina ya watakaokwenda, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, sehemu mnazotaka kuziona, na neno moja wazi kuhusu picha. Ipeleke siku tatu nne kabla. Usifike getini asubuhi na kuanza kujieleza kwa mlinzi, kwani hana mamlaka ya kukuruhusu, na ukimsumbua sana atajikuta hana budi kukukatalia. Kamera ya kuruka ina vibali vyake vya serikali, na ruhusa ya meneja haivifuti.

Nenda kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapopoza jua na barabara za shamba zimekauka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mabondeni hushika gurudumu na kiatu vilevile. Anza saa moja asubuhi. Mwanga wa pembeni wa saa hiyo husaidia kusoma maandishi ya kwenye chuma, na saa tano jua la kondeni halina kivuli, kwa sababu mkonge haukingi mtu.

Chukua maji lita mbili na nusu kwa kila mtu, viatu vilivyofunika kifundo, suruali nzito, miwani ya aina yoyote, daftari na penseli, utepe wa kupimia wa mita tano, chaki nyeupe na brashi laini ya nguo. Miwani si pambo. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu, na mtu akiinama kuokota kitu kati ya mistari jicho lake huwa sawasawa na ncha hiyo. Utomvu nao unawasha, basi usivunje jani kwa mikono mitupu ili uone nyuzi. Omba mkataji akuonyeshe.

Ukiweza, tafuta pia ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000 ya eneo lako. Sentimita mbili ni kilomita moja. Kwenye matoleo ya zamani utaona majina ya mashamba, reli ndogo za ndani na makundi ya vijumba vya kambi. Linganisha na picha ya setilaiti kwenye simu. Pale ambapo ramani ina mstari na picha ina mkanda mwembamba wa vichaka, hapo palikuwa na reli. Weka alama kabla ya kuondoka nyumbani, maana ukiwa kondeni kila upande unafanana.

Kondeni: kuhesabu mistari

Simama mwanzoni mwa konde na upime. Mpangilio uliozoeleka ni wa mistari pacha: mita 4 za njia, mita 1 kati ya mistari miwili, na sentimita 80 kutoka mche hadi mche. Ukipiga hesabu, kila mche unapata mita mbili za mraba, yaani miche 5,000 kwa hekta. Pima njia tatu tofauti kabla ya kuandika, kwa sababu majani yaliyolala hudanganya. Upime kutoka shina hadi shina, si kutoka ncha hadi ncha.

Kisha soma umri. Jani la kwanza hukatwa mmea ukiwa na miaka kama mitatu, na kila mkato huacha kovu kwenye shina. Shina fupi lenye makovu machache ni konde changa. Shina refu kama mnanasi uliovutwa, majani yamebaki kileleni tu, linakaribia mwisho. Mlingoti, yaani shina la maua, ukishasimama, mara nyingi mita tano au zaidi, mmea unaaga. Utatoa vikonyo juu yake, vitadondoka, na mama atakufa. Konde lenye milingoti mingi isiyokatwa ni konde lililotelekezwa.

Aina ya mmea nayo ni tarehe. Mkonge wa kale, ule wa uzao wa Hindorf, hutoa majani kama 200 hadi 250 maisha yake yote. Chotara namba 11648 alizaliwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni, kilichoanzishwa miaka ya 1930. Huyo anaweza kutoa hadi 600, na ukimtazama majani yake ni mengi na yamebanana zaidi. Konde la chotara, basi, haliwezi kuwa la Mjerumani, hata kama kibao cha barabarani kina jina la Kijerumani. Makosa haya ni ya kila siku: mtu anaona konde kuukuu na kuandika "lilipandwa kabla ya Vita vya Kwanza", wakati mkonge hauishi zaidi ya miaka kumi na kitu. Konde linaweza kuwa la kale, mmea ulio juu yake ni wa jana.

Pembezoni mwa konde tazama miti. Kabla mkonge haujatawala, Wajerumani walijaribu kahawa kule Usambara, na upande wa Muheza walipanda mpira wa aina ya Ceará, ndugu wa muhogo, wenye jani la vidole kama kisamvu. Biashara hiyo ilianguka karibu na 1913, mpira wa Asia ulipofurika sokoni. Miti yake imejiotea yenyewe hadi leo kwenye mipaka na makorongo. Ukiuona mti wa kisamvu ulio mrefu kama mwembe, umefika kwenye tabaka lililo chini ya mkonge. Upande wa Pangani kuna tabaka jingine la chini zaidi: mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko huko. Kwa hiyo Pangani usianze hesabu na 1893.

Reli ya toroli

Jani likikatwa halina subira. Linatakiwa lifike mashineni ndani ya siku moja au mbili, kabla halijakauka na nyuzi kushikamana na nyama. Wakataji walifunga majani 30 kwa fungu na kuyapanga kando ya njia, na hapo toroli ilipita. Ndiyo sababu mashamba makubwa yalikuwa na reli zao wenyewe, nyembamba, za upana wa milimita 600.

Zikiwepo, pima kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi ukingo wa ndani wa kingine. Anayepima katikati hadi katikati hupata namba isiyo ya mtu. Ukipata milimita 600 ni toroli. Ukipata 1,000 umesimama kwenye njia kuu ya treni, ondoka. Vyuma vikiwa vimeng'olewa tafuta tuta jembamba, lenye upana wa hatua mbili, lililonyooka au kupinda kwa pole bila kupanda ghafla. Binadamu hukata kona, toroli haiwezi.

Sasa kazi ya chaki. Piga magoti kando ya kipande cha reli, hata kama kimegeuzwa nguzo ya ua au daraja la mfereji, na vingi vimegeuzwa hivyo. Safisha ubavu wake kwa brashi laini. Usitumie brashi ya waya wala msasa, kwani maandishi yameinuka kwa unene wa ukucha tu na kutu ndiyo inayoyashikilia. Laza chaki ubapa na uipitishe juu juu. Herufi zitatokea nyeupe: jina la kiwanda, mara nyingi na mwaka. Kagua vipande vitano kabla ya kuamua, maana reli zilinunuliwa kuukuu na kuhamishwa kutoka shamba hadi shamba. Mwaka unaousoma ni wa kiwanda, si wa shamba. Unachoweza kusema kwa hakika ni kwamba njia hii haikuwekwa kabla ya mwaka huo.

Vivyo hivyo na reli kuu. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Ukiambiwa shamba fulani la Korogwe lilikuwa na mashine nzito mwaka 1899, jiulize zilibebwa na nani.

Korona

Neno hili Tanga lilikuwepo zamani, kabla ya ugonjwa wowote kulitia doa. Korona ilikuwa jina la mashine ya Kijerumani ya kukwangua majani, ikaishia kuwa jina la kiwanda kizima. Mtu akisema "baba alikuwa korona", anamaanisha alikuwa mtu wa kiwandani, si mkataji.

Lifuate tuta la reli likikushusha. Korona karibu kila mara iko chini, jirani na mto, kwa sababu mashine hunywa maji mengi. Jani linalishwa likiwa limelala ubavu, minyororo inalibana, gurudumu la kwanza lenye mapanga butu linapiga nusu moja, kisha linashikwa upande wa pili na gurudumu la pili linamalizia. Maji yanapeleka nyama mferejini. Katika kila kilo 100 za majani hutoka singa kilo 3 au 4 tu. Zilizobaki ni maji na takataka.

Mashine ikiwa imeondolewa, tazama sakafu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Utomvu wa mkonge una asidi, nao umeila saruji miaka nenda rudi. Upande ambao majani yaliingia na kukwanguliwa, kokoto zimechomoza kama meno, saruji ya kati yake imekwisha. Upande ambao singa zilitoka zimeoshwa, sakafu bado laini, inateleza kiatu. Pita na kiganja juu yake, utajua jani liliingilia mlango gani na kutokea wapi bila kuuliza mtu. Kisha tafuta vibao viwili vya saruji vyenye boliti nene zilizochomoza. Pima umbali kati ya boliti na uandike, maana msingi mdogo pembeni ulikuwa wa injini na ule mkubwa ni wa korona yenyewe.

Kibao cha chuma kikiwepo, kinakili herufi kwa herufi. "Fried. Krupp Grusonwerk" ni mashine ya Magdeburg, lakini usiharakishe kuandika "enzi za Mjerumani": mashine hizo ziliendelea kuuzwa baada ya vita, na Wajerumani wenyewe waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925. "Robey, Lincoln" ni ya Uingereza. Injini yenye kibao cha "Ruston & Hornsby" haiwezi kuwa ya kabla ya 1918, kwa sababu kabla ya hapo kampuni hizo mbili hazikuwa zimeungana.

Tahadhari moja nzito: rundo la takataka nyuma ya korona. Juu limekauka na linaonekana kama kichuguu kigumu, chini ni uji wenye kina. Usilipande hata kwa picha. Kwenye mashamba mengi rundo hilo ndilo kitu kikubwa kuliko vyote vilivyojengwa pale, na kwa miaka mingi halikuhesabiwa kuwa na thamani yoyote. Hale walijenga mtambo unaogeuza takataka hizo kuwa gesi na kufua umeme wa kilowati 150.

Uwanja wa kuanikia, brashi na robota

Utatambua uwanja kwa safu za nguzo fupi, usawa wa kiuno, zilizofungiwa nyaya. Singa zilitandazwa juani, na kazi hii mara nyingi ilikuwa ya wanawake. Kwa hiyo ukitaka kuielewa waulize bibi, usimuulize mnyapara mstaafu.

Kwenye chumba cha brashi pekua kwa macho mahali pa juu: vumbi la singa hushikilia kwenye kenchi kama nywele za uzee hata miaka ishirini baada ya kazi kusimama. Chumba cha robota utakijua kwa shimo la presi sakafuni. Robota moja ni kilo 250, manne ni tani. Kila shamba lilikuwa na alama yake, ikipakwa rangi kupitia bamba la bati lililotobolewa herufi, pamoja na daraja la singa: 1, A, 2, 3L, 3, UG. Bamba kama hilo ukilikuta limezibia dirisha la banda la kuku, lipige picha na uliache lilipo. Halafu tafuta ukutani, jirani na mlango, mahali mpakaji alipojaribia brashi yake. Mara nyingi alama ya shamba imebaki pale, moja juu ya nyingine, na unapohesabu tabaka za rangi unahesabu wenye shamba.

Wenye shamba hao walibadilika kwa mawimbi, na tarehe hizi zinafaa kukaa kichwani. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza waliyatwaa mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui na kuyauza. Yakanunuliwa na Wagiriki, Wahindi, Waswisi na Waingereza. Mwaka 1939 Wajerumani waliokuwa wamerudi wakanyang'anywa tena. Vita vya Pili vilipofunga katani ya Ufilipino, mkonge wa Tanganyika ukapanda chati, na bei ikafika kileleni mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Nyuzi za plastiki zilikuwa zimeshaingia sokoni, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Mwaka 1998 mashamba ya umma yakabinafsishwa. Ukuta wenye rangi nne si ajabu.

Kambini

Hapa punguza mwendo. Ingia na mwenyeji wa palepale, piga hodi kwenye kila ua, na toa shikamoo kabla ya kutoa daftari.

Kambi hujulikana kwa safu ndefu za vyumba vilivyoshikamana, milango ikitazamana na njia. Hesabu milango, si majengo. Safu nyingi za saruji ni za miaka ya baada ya Vita vya Pili, fedha ilipokuwepo. Zilizotangulia zilikuwa za udongo na makuti, nazo zimeacha miti tu: miembe miwili mitatu iliyopandwa kwa mstari mahali pasipo na nyumba ni kambi iliyotoweka. Andika jina la kila kambi na kila mtaa kama wakazi wanavyolitamka. Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo wa jirani wengi hawakupenda mkataba mrefu. Waliuzia kambi chakula. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Unyamwezi, hata Burundi na Msumbiji. Kuanzia 1944 kazi ya kuwakusanya ilikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, iliyojulikana kama SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutoka namba likaja neno manamba.

Neno hilo litumie kwa akili. Kwenye vitabu ni neno la historia, lakini kambini bado linachoma. Usimuulize mzee "wewe ulikuwa manamba?" Muulize, "Babu, ulipofika hapa ulianza na kazi gani?" Ataamua mwenyewe ajiite nani.

Wala usiulize mwaka. Uliza alifika kabla ya Uhuru au baada, wakati wa Mgiriki au wa shirika, kabla ya vita vya Kagera au baadaye. Kuhusu mshahara, angalia mtego wa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa iliwekewa alama. Siku usiyomaliza haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka kadi ikijaa, si mwezi ukiisha. Kwa hiyo mzee akisema "nilipokea shilingi kadhaa kwa mwezi", muulize kama ni mwezi wa kalenda au kipande, kwa kuwa kipande kimoja kingeweza kula wiki sita. Hesabu nyingi za mishahara ya zamani zimeharibika hapo.

Uliza pia kengele ilikuwa wapi. Mara nyingi ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kikigongwa kwa nondo alfajiri. Tawi lililobeba uzito huo lina kovu la waya lililomezwa na gome.

Ukienda makaburini, nenda na mtu wa familia au wa msikiti au kanisa la pale. Usiamue dini ya marehemu kwa mwelekeo wa kaburi. Tanga kibla iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo kaburi la Mwislamu hulala mashariki kwa magharibi, na la Mkristo wa zamani mara nyingi hulala hivyo hivyo. Makaburi mengi ya kambi hayana maandishi: ni jiwe, chupa iliyopinduliwa, au mmea uliopandwa kichwani. Usihamishe chochote ili picha ipendeze.

Kisha kilimani

Nyumba ya meneja ikague haraka, ina mambo machache kuliko sura yake. Kama imeezekwa vigae vyekundu, tafuta kilichodondoka uangalie mgongo wake. Vigae vingi vya pwani yetu vilitoka Mangalore, India. Muhuri wa Basel Mission ni wa kabla ya kiwanda hicho kutwaliwa na Waingereza kwenye Vita vya Kwanza. Ukisoma Commonwealth, ni wa baadaye. Vigae navyo huhama, basi kagua angalau kumi. Unene wa ukuta upimie dirishani. Tazama jiko: kama liko nje na limeunganishwa kwa ujia uliofunikwa, tafuta nyuma yake vyumba vya watumishi na uhesabu milango kama ulivyofanya kambini.

Mwisho kaa barazani, fungua daftari, na uchore ramani ya ulichopita kwa mkono: konde, tuta la reli, korona, uwanja, kambi, makaburi. Weka alama ya msalaba kwa kila kinachoonekana ukiwa umekaa hapo. Korona itaonekana, reli pia, na makonde yote hadi upeo. Kambi mara nyingi haitaonekana, imefichwa na mteremko au mstari wa mijohoro. Itie kwenye ramani kwa hatua ulizohesabu ukipanda, na uandike pembeni miti hiyo ina unene gani.